Safari Mbili za Bi Mwanalima

Meli ilipofunga gati Mombasa, ilikuwa kama nyumba ya harusi siku ya pili yake. Masanduku yamejaa ukumbini, watoto wanalia, watu wanatafutana viatu na pasipoti, na kila mmoja anaagana na mwenziwe wa siku saba kama aliyenyonya naye ziwa moja. Bi Mwanalima alikaa kwenye roshani ya chumba chake, tasbihi mkononi, akiwatazama wanavyoteremka ngazi. Hakuwa na haraka. Yeye alikuwa hashuki.

Mlango ukabishwa hodi. Aliingia Fuadi, mhudumu wa chumba, mtu wa Pate mwenye miaka thelathini na kitu, amebeba rundo la mashuka mpaka kidevuni.

"Sabalkheri, mama. Nimekuja kutandika upya. Wageni wanaingia saa nane."

"Sabalkheri, mwanangu. Wageni wa chumba gani?"

"Vyumba vingine vyote. Hiki ni chako bado, mpaka wiki ijayo."

"Ehee. Nilitaka nikusikie ukisema kwa mdomo wako."

Fuadi akacheka. Lubna, bintiye Bi Mwanalima, akacheka naye kutoka kochini alikojilaza. Lubna ni muuguzi Uingereza. Alikuja likizo ya wiki tatu, akamkatia mamake safari mbili zinazofuatana, meli ile ile, chumba kile kile, na chumba chenyewe ndicho kikubwa kuliko vyote: sebule yake, roshani yake, bafu la kulala mtu akajinyoosha, na kitanda ambacho Bi Mwanalima alikipima kwa macho siku ya kwanza akasema wanalala wana sita na mbuzi wao.

Mwanzo alikuwa amepinga. "Mara moja nimekubali," alimwambia Lubna. "Mara ya pili ni israfu. Bahari ni hiyo hiyo, Lamu ni hiyo hiyo, Kismayu ni hiyo hiyo. Twendako ndiko turudiko."

Sasa alikuwa akimshukuru Mungu kwa ile israfu. Maana safari ya kwanza aliiharibu mwenyewe, kwa ulimi wake mwenyewe, na Mola akampa ya pili kabla hata hajaiomba.

Ilikuwa hivi. Bi Mwanalima alizaliwa kisiwani Koyama, kusini mwa Kismayu, akaolewa kisiwa jirani cha Chovae, na mwaka wa tisini na moja, vita vilipofika visiwani, yeye na mumewe Aboud na mtoto mgongoni walipanda chombo usiku mmoja wakaja Mombasa. Dadake mkubwa, Mwanapili, alibaki Koyama na mumewe Mukhtari. "Kaburi la mama litafagiliwa na nani?" ndilo alilosema, na hakusema jingine. Tangu siku hiyo miaka thelathini na mitatu ikapita, na mtu na dadake hawakuonana isipokuwa sauti kwenye simu.

Basi aliposikia kwamba meli inatia nanga Kismayu kutwa nzima, kisha wakati wa kurudi inapita mbele ya Koyama kabla jua halijatua, damu yake ilimchemka. Alimtumia ujumbe wa sauti Zamzam, mtoto wa Mwanapili: "Mwambie mamako aje Kismayu, mumeo Bakri amlete na boti. Aje aone chumba nilicho nacho! Nimemwekea kiti roshani, nimemwagizia kamba wa kuchoma. Aje tu, mimi nipo nakaa namngoja."

Na kweli alimngoja. Siku ile Fuadi alipanga meza, kamba wawili wakubwa wamelala kwenye majani, juisi ya ukwaju ndani ya gilasi za miguu mirefu. Kutoka saa tatu mpaka saa kumi Bi Mwanalima alichungulia kila boti iliyokaribia. Wakaja wauza ndizi, wakaja wauza papa mkavu. Mwanapili hakuja. Nanga ikang'olewa, meli ikaanza kushuka na pwani, na ilipokuwa sambamba na Koyama, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mwanapili mwenyewe, kavu kama ng'onda, kwa lafudhi ile ya Koyama isemayo mchu badala ya mtu.

"Mukhtari ni mwaka wa tisa yuko chini ya mchanga. Sijaona mchu kutoka kwetu kuja kunipa mkono. Leo mdogo wangu ananiita nikale kamba."

Ndiyo hayo tu.

Lubna aliusikiliza ujumbe mara mbili, asielewe. "Lakini mama, si ulimpigia simu mama mkubwa, ba' Mukhtari alipokufa? Si mlisoma Fatiha pamoja?"

"Tulisoma."

"Na tende si ulipeleka?"

"Nilipeleka. Lakini mkono wa tanzia, Lubna, hautolewi kwa simu. Mkono ni mkono." Bi Mwanalima alikaa kitandani akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Aliyefiwa huendewa. Na mkubwa huendewa na mdogo. Mimi nimemwita mkubwa wangu, naye kafiwa, aje kunitazama mimi nilivyokaa raha. Makosa mawili kwa pumzi moja. Wallahi angekuja ningemwona mjinga."

Ndiyo maana siku ile Mombasa, wenziwe waliposhuka, yeye alikaa akicheka peke yake. Asubuhi ile ile alikuwa amemtumia Zamzam ujumbe mwingine, mfupi: "Mwambie dada asitoke mlangoni. Ninakuja mimi."

Saa nane wageni wapya wakaingia, na Bi Mwanalima akaonja jambo ambalo hakulijua: uzee wa meli. Wao walikuwa wakipotea kwenye korido, wakibonyeza lifti kwenda juu wakitaka chini, wakisimama mbele ya milango na zile kadi zao hawajui ubavu upi huingia. Yeye alikuwa mwenyeji. Kwenye mazoezi ya kuvaa majaketi ya kujiokoa alivaa lake upesi kuliko mabaharia, akamfunga mkanda bibi mmoja wa Kismayu aliyetoka Uswidi, jina lake Hafswa.

"Umefanya kazi humu, dada?" Bi Hafswa akamuuliza.

"Hapana, mimi ni abiria. Nimezaliwa humu wiki iliyopita."

Kwenye chakula alimwonyesha supu ya kuepuka. Alimwonyesha pembe ya sitaha isiyo na upepo, na kwenye televisheni ya chumbani ile ramani yenye kimeli kidogo kinachotambaa, ambayo kwayo mtu huijua kibla hata meli ikigeuka. Jioni, yule mchekeshaji wa ukumbini alipoanza kisa chake cha mtu na punda wa Lamu, Bi Mwanalima alianza kucheka kabla ya mahali pa kuchekea, na watu wa meza yake wakacheka kwa kumfuata, hata mchekeshaji akajikuta amemaliza kabla hajamaliza.

"Mama, unamharibia mtu kazi," Lubna alimnong'oneza.

"Namsaidia tu. Wiki iliyopita hawakumchekea vizuri."

Lakini nyuma ya kicheko alikuwa akihesabu saa. Siku ya Lamu hakushuka. Alikaa akipanga kifurushi. Leso mbili za rangi ya manjano, ubani, halua, na msahafu wa herufi kubwa kwa sababu macho ya Mwanapili yalikuwa yamepungua. Alivifunga, akavifungua, akavifunga tena. Fuadi alipoingia na kahawa, alimkuta amesimama katikati ya sebule akizungumza na kochi.

"Allah amrehemu, akupe subira dada," alikuwa akisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Kwanza nimbusu mkono. Kisha ndiyo niseme."

"Kwetu Pate," alisema Fuadi akiweka sinia polepole, "husemi kitu. Unakaa. Anayesema ni mwenye msiba."

Bi Mwanalima alimtazama. "Na kwetu pia ni hivyo," alisema. "Tazama jinsi Mombasa ilivyonisahaulisha."

Meli ilitia nanga Kismayu asubuhi, mbele kidogo ya bandari. Mapema tu boti nyeupe ya faiba ilikuja ubavuni, na ndani yake Bakri, mkwewe Mwanapili, mtu mwembamba kama mlingoti, na mkewe Zamzam amejifunga ushungi mpaka puani kwa sababu ya marasharasha. Bi Mwanalima alimjua Zamzam kabla hajafunua uso. Alikuwa na mabega ya mamake.

Mkuu wa zamu akamsainisha karatasi. "Kwenda Koyama ni mwendo wa saa mbili, kurudi ni mbili nyingine," alimwambia. "Uwe hapa saa tisa na nusu. Saa kumi tunang'oa nanga, mama, umerudi au hukurudi. Meli haimngoji mtu."

"Na meli ina haki yake," alisema Bi Mwanalima.

Lubna hakwenda naye. Ndani ya meli kubwa alikuwa mzima. Ndani ya boti ndogo hutapika hata ikiwa imefungwa. "Wewe nenda, mama. Mimi nitabaki nimshikilie nahodha."

"Utamshikilia na nini?"

"Na maneno. Si nimerithi kwako?"

Boti ikaruka. Bi Mwanalima alikaa chini, kifurushi magotini, mkono mmoja kwenye ubao, na kila wimbi lililomrusha alisema "Ya Latifu" kisha akacheka. Alikuwa na miaka sitini na mbili na roho yake ilikuwa ya msichana anayetoroka chuoni. Kwa ubavu wa kulia ilipita pwani, michanga na vichaka. Bakri aliendesha amesimama, akipiga kelele kushinda injini: "Mama mdogo! Kule chumbani mwako, ni kweli kuna mtu kazi yake kukutandikia tu?"

"Ni kweli!"

"Na wewe wafanya nini?"

"Natandika kabla hajaja! Mtu haoni haya?"

Zamzam akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

Koyama ilitokea kwanza kama mstari, kisha kama nyumba. Maji yalikuwa yamejaa, boti ikaingia mpaka mchangani. Wanawake walisimama pwani, wengine hawakuwa wamezaliwa alipoondoka, na walimwamkua kwa jina lake. Hakusimama. Miguu yake ilijua njia yenyewe: msikitini, kisimani, kisha mlango wa tatu.

Mwanapili hakutoka mlangoni. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba ndani ya ukumbi, mdogo kuliko alivyokuwa kwenye simu, leso kichwani, mikono magotini. Bi Mwanalima aliinama akaushika mkono ule, akaubusu, na maneno yote aliyoyafundisha kochi yakamtoka. Akakaa chini kwenye mkeka.

Zamzam akaweka maji, akaondoka.

"Ilianza na homa," Mwanapili alisema.

Ndivyo ilivyo kwao. Kila ajaye kutoa mkono huhadithiwa kifo, tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake, na ajaye kazi yake ni kusikiliza. Aliyefiwa asiposema, kifo hukaa ndani. Na asiyesikiliza mpaka mwisho ni kama hakwenda. Mwanapili alikuwa ameshawahadithia watu wa Koyama wote, na wa kisiwa cha Kudhaa waliokuja, na wa Chovae waliokuja. Wa nyumba yake mwenyewe hakuwa amemhadithia hata mmoja.

Hakuwa na haraka. Alisema siku ya kwanza Mukhtari alirudi kutoka kuunda mashua akalalamika baridi, na jua lilikuwa la kupasua kichwa. Akasema ni nani aliyekuja kumtazama, na kila mmoja alisema nini, na alijibiwa nini. Alisema uji aliopika na jinsi Mukhtari alivyoukataa. Siku ya pili akataka kwenda kuimalizia mashua ya watu, akazuiwa. Bi Mwanalima alisikiliza kila neno. Aliitikia mahali pa kuitikia, na machozi yalipomjia hakuyafuta.

Saa saba kasoro, sauti ya Bakri ikasikika nje. "Mama mdogo! Maji yanatoka! Tusipoondoka sasa boti italala mchangani mpaka magharibi!"

Mwanapili akakatiza hadithi, akamtazama mdogo wake kwa yale macho yaliyopungua.

"Nenda," alisema. "Meli yako isikuwache."

Haikuwa sauti ya hasira. Ingekuwa ya hasira Bi Mwanalima angeweza kuinuka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea.

Akaona yote kwa mara moja: Lubna aliyeko melini peke yake, nguo zake kabatini, dawa ya shinikizo la damu kwenye meza ya kitanda. Hapana, dawa alikuwa nayo mkobani; alikuwa mtu wa hadhari. Akafikiri, nikiinuka sasa, nitasema nini Mombasa? Kwamba nilifika mpaka siku ya pili?

Akasimama. Mwanapili akageuza uso ukutani.

Bi Mwanalima akavua buibui lake, akalikunja, akaliweka juu ya kifurushi. "Nipa leso nijifunge," alisema. "Joto. Kisha uniambie, siku ya tatu ilikuwaje?"

Mwanapili alipapasa chini ya mto, akatoa leso kuukuu, akamrushia.

"Siku ya tatu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "homa ilipanda."

Simu ya Lubna ikaja saa tisa na robo.

"Mama! Uko wapi? Wanakuita kwenye vipaza sauti, jina lako lote, mpaka jina la babu!"

"Niko siku ya saba."

"Siku ya saba ya nini?"

"Ya ba' Mukhtari. Yu hai bado, ametaka maji ya dafu."

"Alikufa siku ya ngapi?"

"Ya tisa. Na kuna mazishi, na kuna hitima."

Bi Mwanalima alisikia bintiye akivuta pumzi, na alijiandaa kugombezwa. Badala yake akasikia kicheko, kicheko kinachokaribia kilio. "Basi kaa, mama. Dawa unayo?"

"Ninayo."

"Utarudi vipi?"

"Aliyenileta ndiye atakayenirudisha. Wewe ule kamba wangu."

Mukhtari alikufa siku ya tisa, alfajiri, baada ya kuuliza kama upepo umegeuka. Akaoshwa, akazikwa, akasomewa hitima, na kila aliyebeba jeneza alitajwa. Mwanapili alipomaliza, wote wawili waliinua mikono wakaomba. Kisha mkubwa akashuka kitandani kwa shida, akaja kukaa kwenye mkeka, goti kwa goti na mdogo wake.

"Na Aboud wako?" aliuliza. "Miaka minne sasa. Mimi pia sikuja. Ulimi wangu ulikuwa mrefu, lakini mkono wangu sikukupa." Akaunyoosha. "Alianzaje?"

Bi Mwanalima hakutarajia hilo. Mombasa watu walikuja kwa wingi, lakini Mombasa watu wana shughuli. Wengi walikaa muda wa kahawa moja. Aliushika ule mkono wa dadake, mgumu wenye harufu ya moshi wa kuni, akafungua kinywa.

"Alianza na mguu," alisema.

Alikuwa amefika hospitali, siku ya pili, Zamzam aliporuka ndani na kusema, "Tokeni! Tokeni muone! Yapita!"

Wakatoka, mmoja amemshika mwenziwe. Jua lilikuwa bado juu ya nyumba. Nje ya mwamba, nyeupe kama jino, meli ilikuwa ikishuka kuelekea kusini, na Koyama nzima ilikuwa pwani. Wanaume waliacha misumeno, watoto walipanda juu ya mashua zilizolala mchangani, na boti ya Bakri ilikuwa imelala nazo, ubavu juu.

Simu ikalia. "Mama, niko roshani! Natikisa kitambaa cha meza, Fuadi ameshika upande wa pili! Mwatuona?"

"Tunaona kitu cheupe kinachezacheza."

"Ndiyo sisi! Na nyinyi? Yule wa leso ya manjano ni wewe?"

"Huyo ni mama mkubwa wako. Keshaivaa leso yangu hata sijampa kwa mkono."

"Kifurushi kilikuwa wazi," alisema Mwanapili.

Bi Mwanalima alikuwa akipunga mkono wote mpaka begani, akicheka, akiruka kidogo, yeye mwanamke mzima na wajukuu. "Kile, dada! Hesabu safu ya juu, dirisha la mwisho nyuma! Kile chumba changu! Hicho kinachopita!"

Mwanapili alikunja macho. "Wachu wangapi hulala mle?"

"Wawili."

"Na leo?"

"Leo mmoja."

"Lahaula," alisema Mwanapili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mwili wake wote ulitikisika kwa kicheko. Alicheka mpaka akamshika Zamzam asianguke. Kisha akajifuta macho kwa pembe ya leso mpya. "Na haipiti tena?"

"Hupita kila wiki."

"Basi iache ipite," alisema, akamvuta mdogo wake mkono kurudi ndani. "Ulikuwa hospitali. Daktari akasemaje?"